Bei ya Jiwe la Bi Mbeyu

Nasra mwanangu,

Habari za sweta, dawa na kuchaji simu sitakuandikia. Hizo nyanyako amekwisha kukwambia mara tatu tangu asubuhi, na ya nne atakwambia kesho ukiwa mguu mmoja umo ndani ya gari. Wewe na Ami yako Razak mmekwenda Mtaa wa Biashara kununua begi, nyumba imenyamaza, nami nimejifungia chumbani kama msichana anayeandika barua ya mapenzi. Laiti ingekuwa ya mapenzi. Hizo naziandika vizuri. Muulize Razak, anazo saba ndani ya kopo la sindano za vyerehani.

Najua unatucheka. Juzi nilikusikia ukimwambia nyanyako, "Mama amekuwa mtoto." Kweli, mama, nimekuwa mtoto. Miezi mitatu nimeolewa na Razak, na bado nikisikia viatu vyake kwenye ngazi najitazama kiooni. Mwanamke wa miaka arobaini na nne! Akirudi kazini mikono inanuka mafuta ya cherehani, na harufu ile sasa naipenda kuliko udi. Hunikatia embe, hunibakishia kipande cha katikati, kisha hujifanya ameshiba. Tangu babako afariki nilijua mlango huo wa moyo nimeufunga na ufunguo nimeutupa baharini. Kumbe sikuutupa mbali.

Nakwambia haya mwanzo ili usije ukadhani barua hii imeandikwa na mtu mwenye huzuni. Ninayo furaha, Nasra. Lakini ndani yake mna uchungu ambao siwezi kuumeza wala kuutema, na kesho unaondoka kwenda kufanya kazi ile ile iliyouleta. Nimesubiri wiki mbili unipe nafasi ya kusema, kila siku nikijiambia kesho. Hakuna tena kesho.

Siku uliyopata kazi ulipanda ngazi ukipiga kelele. "Mama! Nitalipwa kuokota nyota!" Nilicheka pamoja nawe. Ukaniambia kwamba ni Bwana Luka, yule Mbelgiji aliyekuwa akija dukani zamani, anayekusanyia matajiri wa kwao mawe yaliyoanguka kutoka angani. Kwamba kimondo kimeanguka kaskazini, mbele ya Isiolo, watu wamesikia mshindo, vipande vimetawanyika malishoni, naye anataka mtu aliyesoma maabara na anayejua kuzungumza na wenyeji. "Amenichagua kwa sababu yako, mama. Asema wewe wajua watu kuliko yeyote aliyewahi kufanya naye kazi."

Niliingia jikoni nikafungua bomba la maji bila ya kuwa na chombo cha kuosha.

Bi Mbeyu unamkumbuka. Yule mama wa Kinango aliyekuwa akituletea vikapu dukani, mrefu, mwenye pengo la mbele, aliyekuwa akikuita "mwalimu" kwa sababu ulikuwa ukimsomea ujumbe wa simu yake. Miaka minane alituletea vikapu. Hatukuandikiana karatasi hata moja. Aliacha vikapu, akija mwezi unaofuata nilimpa chake, hakuuliza kipi kimeuzwa kwa kiasi gani. Nami, wallahi, katika vikapu sikumdhulumu hata shilingi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa mwaminifu katika vitu vidogo kwa muda wote ule, na uaminifu ule ndio uliomleta kwangu siku alipopata kikubwa.

Ulikuwa kidato cha pili. Paa letu lilikuwa linavuja upande wa chumba chako, tulikuwa tukiweka ndoo mbili na sufuria. Karo ya muhula ilikuwa haijalipwa na mwalimu alikwisha kukurudisha nyumbani mara moja. Sikuandikii hayo ili unionee huruma. Nayaandika kwa sababu nilijitajia mwenyewe siku ile, moja baada ya jingine, nikayapanga mbele ya macho yangu ili nisione kilichokuwa nyuma yake.

Bwana Luka alikuwa amepita dukani wiki chache kabla. Alinunua kinyago, akakaa, akanionyesha picha za mawe meusi. Alinifundisha mengi, naye ni mwalimu mzuri, utaona. Kimondo kipya kina ganda jembamba jeusi, kama ukoko wa wali. Kikinyeshewa mvua, chuma kilichomo ndani kinaanza kushika kutu na thamani inashuka. Kisioshwe, kisiguswe na sumaku. Siku za mwanzo bei huwa juu sana, kwa kuwa kila mkusanyaji anataka kuwa wa kwanza, kisha vipande vikionekana vingi, bei inateremka. Akaniambia pia, "Ukiletewa, usipime mbele yao. Ukipima, watajua kwamba uzito una maana."

Basi jiwe likaanguka bara ya Kwale, mchana, watu wakadhani ni baruti ya machimbo. Siku ya tatu Bi Mbeyu akaja dukani, vikapu hana. Alikuwa na kopo la unga mkononi.

"Mama Nasra, hili limenidondokea shambani, hatua kumi kutoka nilipokuwa nikipalilia. Limechimba shimo kama la panya. Mume wangu asema ni la kishetani nilitupe. Nikasema ngoja, nimpelekee Mama Nasra, yeye ana wazungu wake."

Nilifungua kopo. Mwanangu, lilikuwa zuri. Jeusi, duara, kama nazi ndogo iliyofuliwa, na ukingoni limebanduka kidogo, ndani kijivu chenye chembe zinazometameta. Kavu kabisa. Alikuwa amelifunika kwa unga ili lisigongane na kopo. Hakuna aliyemwambia. Ni adabu yake tu ya kubeba vitu.

Sasa sikiliza nilivyofanya, kwa maana hili hutafundishwa na Bwana Luka, hili ni letu sisi. Nilimkaribisha nyumbani. Sikumwacha dukani kama siku zote, nilimpandisha juu, nikamkalisha kwenye zulia zuri, nikampikia. Pilau, Nasra, katikati ya wiki. Na kachumbari, na maji ya ndimu. Wewe ulikuja kutoka shule ukashangaa, "Leo kuna nini?" Nikakwambia, "Tuna mgeni." Alipokuwa akila nilichukua kopo nikaingia jikoni, nikaliweka jiwe juu ya mizani ya unga. Kilo moja na gramu mia nne. Nilifanya hesabu nyuma ya kalenda kwa penseli, kisha nikaifuta.

Nilijua ninachofanya. Mtu wa pwani aliyekula kwako hawezi kukaza uso kuuliza bei. Ataona haya. Pilau ile ilikuwa ya kumfunga mdomo, na mimi ndiye niliyeipika, nikaonja chumvi yake.

Nilirudi nikamuuliza, "Haya Bi Mbeyu, wataka ngapi?"

Akacheka, akafunika pengo lake kwa mkono. "Mimi najua bei ya mawe? Nipe utakachoona wewe."

Hilo neno tunalisema sote. Fundi hulisema akimaliza kazi, mkunga hulisema, mwalimu wa madrasa hulisema. Si kwamba hatutaki kitu. Tunampa mwenzetu nafasi ya kuwa mtu mzuri mbele yetu. Bi Mbeyu alinipa nafasi hiyo huku ameshika sahani yangu.

Nikampa elfu nane.

Alisimama, akazishika mkono mmoja, mwingine akaniwekea begani. "Mungu akuongezee. Mungu akupe mume mwema." Ndivyo alivyoniombea. Miaka sita baadaye nimempata, na kila nikimtazama Razak usingizini nakumbuka nani aliyeniombea na nilikuwa nimetoka kumfanya nini.

Bwana Luka alikuja kesho yake kwa ndege. Alilipa. Kiasi alicholipa nitakutajia, nipe muda, bado mkono haujakubali.

Paa likatengenezwa. Karo ikalipwa, hata ya chuo, pale Buxton. Vitabu vyako vyote vya kemia, lile koti jeupe ulilopigia picha, vyote vimetoka katika lile kopo la unga. Nimeogopa kukwambia kwa sababu nilidhani utajichukia. Usijichukie. Ulikuwa ukisoma tu.

Baada ya miezi miwili Bi Mbeyu akarudi, na vikapu vichache, na mawe. Mawe, mama! Ya mtoni, ya barabarani, kokoto nyeusi, kipande cha tofali lililoungua. Alikuwa ameyafunga kila moja katika kitambaa chake. "Tazama na hili." Nikatazama. "Si lenyewe, Bi Mbeyu." "Na hili?" "Hili pia silo." Alikuja hivyo mara nne, tano. Alikuwa akiamka kabla ya kazi kuzunguka mashamba akiinama. Vikapu vikapungua, kwa sababu mikono iliyokuwa ikisuka ilikuwa ikiokota. Elfu nane zilikuwa zimemfanya msaka mawe, na mimi nilikuwa nikimpa nauli ya kurudi, nikajiona mkarimu.

Kisha wakaja wasakaji wenyewe, vijana wenye gari na mashine za kutafutia chuma, wakapiga kambi karibu na kwao. Jirani yake akawauzia kipande kidogo kama ndimu. Walipima mbele yake, wakamtajia bei ya gramu, wakamlipa elfu kumi na tano.

Bi Mbeyu alikuja dukani siku hiyo hiyo, hakungoja siku ya vikapu. Hakukaa. Nilimwambia, "Karibu, nikuletee maji."

"Maji yako sitaki leo. Nataka kukuuliza neno moja. Siku ile ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikujua. Badala yake nilisema jambo baya zaidi. Nilisema, "Si wewe mwenyewe ulisema nikupe nitakachoona?"

Kulikuwa na mteja dukani, bibi wa Kihindi akichagua mikeka, naye akajifanya anahesabu mikeka.

"Nilisema," Bi Mbeyu akajibu. "Kwa kuwa ni wewe."

Akaondoka. Hakurudi tena. Wewe uliuliza, "Bi Mbeyu yuwapi siku hizi?" nikakwambia anauza kwingine, wanalipa zaidi. Hilo la kulipa zaidi, angalau, lilikuwa kweli.

Sasa nije kwa Razak, maana bila yeye ningekufa na siri hii na ningekuacha uende. Unakumbuka alivyokuja kuposa, kanzu imepigwa pasi hadi inakata. Wazee walipotoka tukaachwa sebuleni, mlango wazi, nyanyako akikohoa ukumbini ili tujue yupo. Razak akaniuliza mahari. Nami nikajifanya bibi arusi mwenye haya, nikainamisha uso, nikasema, "Toa utakachoona wewe."

Akasema, "La. Sitaki."

Nikashtuka. Nikadhani amebadili nia!

"Sitaki kukuoa kwa haya zako, Swafiya," akasema. "Mimi nina kiasi fulani benki, nina nusu ya nyumba kule Tudor, nusu ya pili ni ya ndugu yangu, na deni sina. Sasa umejua nilicho nacho. Taja."

Nililia. Yeye alidhani ni mapenzi, akanipa leso yake, na kweli yalikuwa mapenzi, nilimpenda hapo zaidi ya nilivyowahi kumpenda mtu. Lakini nilikuwa nalilia pilau ile. Mtu aliyetaka kunichukua mzima mzima alifungua mkono wake kwanza nikaona kilichomo, ndipo akaniuliza. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi namna hiyo. Lingenigharimu dakika mbili kwenye zulia.

Mwezi wa pili wa ndoa nikamwambia. Si yote. Nilimwambia kwamba nilimpunja mama mmoja bei ya jiwe. Akauliza, "Yu hai?" Nikasema ndiyo. "Basi Jumapili twende."

Ndiyo safari ile tuliyokwambia tumekwenda kutembea kama maharusi. Nilikuwa na laki moja ndani ya bahasha, akiba yangu na vile vikuku viwili nilivyouza. Bi Mbeyu amezeeka, Nasra. Alitutandikia mkeka, akatuletea muhogo na maji. Sikuweza kula. Nikaweka bahasha mbele yake.

"Hizi za nini?"

"Haki yako ya lile jiwe."

"Ndiyo haki yote?"

"Si yote. Nilichoweza."

Hakuigusa. "Kwa hivyo safari hii pia umepanga peke yako," akasema. "Umekaa kwenu, umeona mimi nafaa kiasi hiki, ukaja nacho. Mimi mpaka leo sijui jiwe langu liliuzwa ngapi. Niambie basi. Ukishaniambia, nitajua kama hii ni nyingi au ni kidogo."

Razak alikuwa kando yangu, magoti yake yamegusana na yangu, mume wangu wa miezi miwili anayenibakishia kipande cha katikati. Na yeye pia alikuwa anangoja kusikia. Sikuweza. Nilisema sikumbuki vizuri.

Bi Mbeyu akaisukuma bahasha kwa kidole kimoja. "Chukua bahasha yako, mama. Ukikumbuka utakuja."

Njiani hadi kivukoni Razak alinishika mkono tu, na nilitamani aniachie.

Laki saba. Nimeandika. Shilingi mia tano kwa kila gramu. Laki saba, Nasra, nami nilimpa elfu nane na sahani ya pilau. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa, na barua hii nitampa Razak aisome leo kabla sijaitia begini mwako. Jumapili nitakwenda Kinango, naye akitaka kuja atakuja, akitaka kukaa atakaa. Nitataja kiasi kwanza. Kisha nitamuuliza yeye anataka tufanyeje, na akitaka nusu ya duka, atapata nusu ya duka.

Sasa lako. Kwenye meza ya chakula juzi ulituambia kwa furaha kwamba Bwana Luka amekuruhusu kununua hadi shilingi arobaini kwa gramu. "Jiwe la kilo ni elfu arobaini, mama! Kule mtu anapata ng'ombe." Nyanyako akasema mashaallah. Mimi nilikuwa na mwiba wa samaki mdomoni nikashukuru kuwa nao.

Bwana Luka alinipigia simu wiki iliyopita. Alikuwa mchangamfu, anakusifu. Akasema ana wakusanyaji watatu wanaongoja, wako tayari kumpa mia nane kwa gramu kwa vipande visivyonyeshewa. Aliniambia kama anavyomwambia mshirika wake, akaongeza kwamba hatanisahau, kwa malezi mema niliyokupa. Nilimwambia nitafikiri. Leo asubuhi nimemjibu kwamba sitaki chochote, na kwamba nitakwambia bei. Alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akakata simu.

Kwa hivyo huenda ukafika huko ukakuta kazi imekwisha. Kama ndivyo, ni mimi niliyeiharibu, unitukane, kisha urudi nyumbani. Chumba chako hakivuji.

Lakini kama bado anakutaka, utakaa na mtu aliyekuta jiwe malishoni akalifunika kwa nguo yake. Sikwambii umpe mia nane zote. Kuna gari, kuna dereva, kuna kibali, kuna kupima maabara na kukuta pengine si kimondo bali ni jiwe la hapa hapa duniani. Bwana Luka naye anakula kwa kazi yake, na wewe pia. Sijui kiasi cha haki ni ngapi, na ningekutajia leo ningekuwa nimerudia kosa langu lile lile, kupanga nikiwa chumbani. Pengine ni mia tatu, pengine mia nne, pengine mwenye jiwe hatauza kabisa, atalirudisha kwenye nguo yake. Mizani iwekwe katikati yenu. Atajwe anayenunua huko mbele, na anachotoa. Kisha mwenye jiwe aseme yeye, hata akikwambia umpe utakachoona. Hasa akikwambia hivyo.

Ningekuacha uende bila kujua, ungenunua kwa arobaini ukiwa na moyo safi, watu wangekuombea dua, na usiku ungelala. Hiyo ilikuwa zawadi ambayo ningeweza kukupa kesho. Nimekunyima. Ni mia nane, Nasra. Sasa unajua, na kuanzia hapa kila utakachofanya utakuwa umekifanya wewe.

Mamako,
Swafiya